Sahani Tatu za Sabiri

Isevya,
Tabora.
27 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Majidi,

Shikamoo yako uliyompa Yasmini alipokuja likizo imenifika salama, nami naijibu kwa maandishi: marahaba, na Mungu akuzidishie umri. Habari za Maskati? Habari za kazi, na lile goti lako linalokusumbua ukipanda ngazi? Mkeo na watoto hawajambo? Yasmini ametusimulia joto la huko, kwamba mwezi huu watu hawatoki nje mpaka jua lizame. Sisi huku ni kipupwe. Asubuhi tunaota moto, mchana tunameza vumbi, na midomo inapasuka kama udongo wa mbuga.

Mimi sijambo. Macho yamepungua kidogo, siwezi tena kutunga uzi kwenye sindano mpaka nisogee dirishani, lakini mashine bado tunasikilizana. Paa la jikoni lililokuwa linavuja tumelibadilisha bati. Majirani wazima, na kaburi la mama tulilisafisha kabla ya Idi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu imetushinda. Kila tukipigiana tunafika kwenye jina la Shamila, sauti zinapanda, halafu wewe unakata au mimi nakata. Yasmini anarudi kazini kwake huko wiki ijayo, nimemkabidhi barua hii akupe mkononi. Tafadhali isome mpaka mwisho, ndipo ukasirike kama bado utakuwa na hamu ya kukasirika.

Kwanza kabisa, Shamila hakupigwa. Najua kuna mtu alikupelekea habari kwamba Sabiri amemwinulia mkono, na kwa ajili ya habari hiyo uliniagiza nisimame mahali pako, nidai talaka ya mwanao, kisha nimpandishe ndege aje kwako, ambako umekwisha kuzungumza na mwanamume mwingine. Nilimuuliza Shamila faraghani na nikamuuliza mbele za watu. Jibu lake lilikuwa lile lile. Hakupigwa, hakutukanwa, wala hakuletewa mke mwenza. Alitoka kwa mumewe kwa sababu ya sahani ya kisamvu.

Sabiri ni mtoto wa pekee wa Bi Najiat, hilo unalijua. Baba yake alifariki mtoto bado anatambaa, na Bi Najiat akamlea kwa kupika kwenye harusi na hitima za mji huu. Hakuna mtu wa Isevya asiyeijua pilau yake. Basi Shamila alipoolewa alikuta jiko lina mwenyewe. Alifagia, alifua, aliosha vyombo, lakini chungu hakuruhusiwa kukigusa. Mwanzoni alidhani ndiyo heshima anayofanyiwa bibi harusi. Miaka ikapita, akawa katika nyumba ile kama mgeni aliyesahau kuaga.

Mwezi wa pili mwaka huu, kabla ya Ramadhani, Sabiri alikuwa porini upande wa Usoke kukagua mizinga ya nyuki, maana bado anafanya biashara ya asali. Siku aliyorudi, Bi Najiat alikuwa amekwenda msibani. Shamila akapika kisamvu cha karanga na ugali, akamwandalia mumewe. Kabla Sabiri hajamaliza kunawa, mama yake akaingia. Akaitazama sahani, akaifunika kawa, akaiweka kando. Akaenda jikoni akamkaangia mwanawe mayai na kumpashia wali. Sabiri akala wali na mayai. Shamila akala kisamvu chake peke yake uani, na asubuhi akaja kwangu na begi.

Huo ndio ugomvi wote. Nimekuandikia kama ulivyokuwa. Mtu wa nje atacheka, na mimi mwenyewe siku ya kwanza nilikaribia kucheka, mpaka nilipomwona Shamila anavyolala mchana kutwa.

Tulijaribu kusuluhisha. Tulikaa nyumbani kwa Bi Najiat, akatupikia vizuri mno hata hakuna aliyethubutu kumlaumu. Tukakaa kwangu, yeye akasema ameitwa kushtakiwa kwenye nyumba ya mshitaki, akaondoka na kanga yake begani. Kila mara Sabiri alikaa akitazama vidole vyake. Nilimhesabu kuwa mtu mzuri asiye na faida.

Ndipo Mzee Mfaume akapata wazo. Huyu ni ami yake Sabiri, yule fundi seremala, ndugu wa marehemu. Kuna hoteli mpya upande wa stesheni, wewe hujaiona, na meza zake zote za mninga zimetoka mikononi mwake. Tangu wahandisi wa Kihindi waje huku kwa kazi zao za mabomba, hoteli hiyo imeleta mpishi kutoka kwao. Jumamosi moja kila mwezi anapika vyakula vya kwao vya asili, vinapangwa ukumbini, na kila mtu anajipakulia mwenyewe. Meneja alimwalika Mzee Mfaume na jamaa zake, shukrani ya meza. Mzee akasema tukakae huko, kwa sababu pale hakuna mwenye nyumba, na watu wazima hawapigi kelele mbele ya wageni.

Tukaenda Jumamosi iliyofuata Idi Kubwa, mchana. Tulikuwa watano: Mzee Mfaume, Bi Najiat, Sabiri, Shamila na mimi. Mimi nilikuwa na agizo lako. Nilikwisha kulipanga kichwani nitakavyolisema, kwa adabu na kwa kifupi, watu wakishamaliza kula.

Majidi, sisi tumezaliwa katika mji huu tukila sambusa, bajia, chapati na biriani, tukiviita vya Kihindi. Nimeonja vyenyewe sasa, na nakwambia vile vyetu ni vyetu. Wahindi walituachia majina tu. Chapati yao pale ilikuwa nene, imebabuka kwa moto wa tanuri, inang'aa samli. Biriani wameizika nyama ndani ya wali, inafukuliwa kwa upawa, wala hakuna rojo la pembeni. Kulikuwa na mikate myembamba kama karatasi, mirefu kupita sahani, imekunjwa na viazi vya manjano ndani. Kulikuwa na vitu vyeupe vya duara ukadhani vitumbua, ukiuma hakuna sukari, ni unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, unachovya kwenye mchuzi wa dengu wenye ukwaju. Kulikuwa na maziwa yaliyogandishwa yakakatwa vipande kama nyama, yamepikwa na mchicha. Kitu nilichokitambua bila kuuliza ni kaimati, nazo zilikuwa kubwa kama mayai ya kanga, zinaogelea kwenye shira.

Kila chakula kilikuwa kwenye chombo cha kung'aa chenye mfuniko, na moto mdogo chini yake. Mhudumu aliyetupokea anaitwa Irakoze, binti wa Ulyankulu, mchangamfu. Alituambia kwao yeye wanakula ndizi na maharage, na siku ya kwanza alipoonja achari ya ndimu ya yule mpishi alidhani amepewa dawa ya minyoo.

Bi Najiat alimuuliza, "Nyama imechinjwa na nani?"

"Na Mwislamu, bibi. Halafu upande huu wote hauna nyama kabisa."

Mzee Mfaume akasimama katikati ya ukumbi. "Upande wote huu? Dengu na maziwa tu? Na ndio wanaochimba mitaro ya mabomba?"

Wahandisi wenyewe walikuwa wamekaa meza ya dirishani, wanakula kwa mikono kwa utulivu, bila kujali. Nilifurahi kuwaona wanakula kwa mikono. Nilikuwa nimeogopa uma.

Tulipokwisha kukaa, Mzee Mfaume akasoma dua fupi, akasema, "Tule kwanza. Maneno yatatukuta tumeshiba." Kisha akamwinamia Shamila, akamwambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mwanangu, nenda kampakulie mumeo. Mkono wa mke nao ni maneno."

Shamila akanitazama. Mimi sikutikisa kichwa wala sikukunja uso, nilimwachia mwenyewe. Akainuka, akaenda.

Jambo ambalo Mzee hakuliona ni kwamba Bi Najiat alikuwa ameinuka kabla yake. Alikuwa kule kwenye vyombo, anafunua na kufunika, ananusa, anapita. Alirudi wa kwanza. Akamwekea Sabiri sahani yenye wali mweupe, paja la kuku alilolikwangua viungo kwa kijiko, na mtindi. Akaigeuza sahani ili paja limwelekee mwanawe.

"Kula, baba," akasema. "Vile vingine vitakuchoma tumbo."

Sabiri ana ndevu zenye mvi mbili tatu, Majidi.

Kabla hajaikaribia, Shamila akafika. Yeye alileta ule mkate mwembamba wenye viazi, kibakuli cha mchuzi wa ukwaju, na kile chakula cha mchicha. Akaiweka sahani yake kando ya ile ya mkwewe, akakaa mahali pake.

Sahani mbili mbele ya mtu mmoja. Mzee Mfaume akakohoa, akasema, "Ama kweli kuna watu wana bahati." Bi Najiat alikuwa anamtazama mwanawe, na Shamila alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Mimi, nisikufiche, nilijisemea kwamba sasa atakula ya mama yake kama kawaida, na kazi niliyotumwa itakuwa nyepesi.

Sabiri alizitazama zote mbili. Halafu akasukuma kiti nyuma.

"Samahani, mama," akasema. "Samahani, Shamila." Akaondoka.

"Anakwenda wapi?" Bi Najiat akauliza. "Amesahau nini?"

Alikuwa amekwenda kuchukua sahani nyingine, tupu. Tukamwona anasimama mbele ya vyombo kama mtu aliyeshushwa stesheni asiyoijua. Mtu anayeingia porini kwa majuma, anayepanda miti ya mizinga na moshi mkononi, hakujua aanzie wapi. Akashika mfuniko wa chombo cha kwanza kwa vidole vitupu, ukamuunguza, ukamtoka. Ulianguka kwa kishindo ukabingirika mpaka karibu na meza ya wahandisi. Ukumbi mzima ukageuka. Irakoze akakimbia na kitambaa.

Bi Najiat alikuwa ameshanyanyuka nusu. Mzee Mfaume akamshika mkono. "Muache," akasema. "Muache, shemeji."

Shamila alikuwa amefunika mdomo kwa mtandio. Nilidhani ni aibu. Nilipotazama vizuri niliona mabega yanatikisika, anacheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu alipokuja kwangu na begi lake. Akainuka akamfuata.

Walikaa kule muda mrefu. Tuliwaona, lakini maneno hayakutufikia. Waliyozungumza nimeyajua baadaye kutoka kwa Shamila mwenyewe, tukiwa tunakata vitambaa vya sare za shule. Kwa mujibu wake hawakuzungumza ndoa. Sabiri alimuuliza, "Hiki ni nini?" Akamjibu, "Sijui." Akasema, "Tuonje." Wakawa wanakwenda chombo hadi chombo, wanaonja, na Irakoze akiwatajia majina waliyoyasahau papo hapo. Sabiri akatia kipande kizima cha achari ya ndimu mdomoni, machozi yakamtoka, akashindwa kutema kwa sababu wahandisi walikuwa wanamtazama.

Alipopata pumzi ndipo akauliza, "Kile kisamvu cha siku ile kilikuwaje?"

"Kilipoa," Shamila akamjibu. "Nilikila kimepoa."

"Nilisikia harufu yake tangu mlangoni. Nilikitaka."

"Mbona hukusema?"

Akamwambia, "Sikujua kama inawezekana kusema."

Mezani Mzee Mfaume alikula kwa wawili. Mimi nilikuwa na biriani, ilikuwa nzuri, na sikuona sababu ya kuiacha. Bi Najiat hakujipakulia kitu. Sahani zile mbili zilipoa mbele ya kiti kitupu, naye akawa anafukuza nzi juu ya ile ya kwake tu.

Sabiri alirudi na sahani ya ajabu. Alikuwa amemimina mchuzi wa dengu juu ya kaimati, na wali juu ya mchuzi, na tango juu ya yote. Akakaa akala mpaka ikaisha, bila haraka. Akanawa. Kisha akasema, "Ami, naomba kikao kifunguliwe."

Mzee Mfaume akafungua kwa bismillahi. Nilikuwa nimekuahidi, kwa hiyo sikungoja. Nikasema kwamba baba wa binti, mdogo wangu Majidi, aliye Maskati, ameleta neno kwa kinywa changu kwamba anataka talaka ya mwanawe itolewe kwa wema. Nilisema hivyo hivyo, sikupunguza. Ukitaka, muulize Mzee.

Sabiri hakutazama vidole safari hii. Akanijibu, "Shangazi, mwambie baba mkwe mimi sijamwacha Shamila. Akiitaka yeye mwenyewe, nitaiandika hapa hapa. Lakini asiitake mtu mwingine kwa niaba yake."

Wote tukamgeukia Shamila.

"Siitaki," akasema. "Lakini kwenye nyumba ile sirudi."

"Basi na mimi sirudi," Sabiri akasema. "Nitatafuta vyumba. Viwili vinatosha."

Maneno hayo yalikuwa madogo, yalisemwa kwa sauti ya kawaida, na kule dirishani watu waliendelea kula. Mzee Mfaume alifungua mdomo ashukuru Mungu. Kabla hajasema, Bi Najiat akasema, "Na mimi nitampikia nani?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Hakumwuliza mtu yeyote hasa, alikuwa ameshika ukingo wa ile sahani ya wali na paja la kuku, na mafuta yamekwisha kuganda juu yake.

Mzee Mfaume akawa anapitisha kidole kwenye maungio ya meza yake, kana kwamba ameona kasoro. Sabiri akainamisha kichwa, lakini hakurudisha neno lake. Shamila naye hakutoa ahadi ya haraka ya kumfurahisha, na kwa hilo nilimheshimu. Mwishowe Irakoze akaja kuuliza kama tunahitaji chai ya maziwa yenye viungo, tukasema ndiyo, tukainywa, tukaondoka.

Vyumba wamevipata Kiloleni, kwa mama mmoja mjane mwenye uwanja mpana. Wana kitanda, jiko la mkaa, na meza waliyopewa na Mzee Mfaume. Mapishi ya Shamila si mazuri, nakuambia kweli. Miaka yote ile hakushika mwiko, mkono umesahau. Nimekula wali kwake ukiwa umeungua chini na mbichi juu. Sabiri aliusifu mpaka nikamwonea huruma. Lakini anakula, na akitoka porini anajipakulia mwenyewe.

Kuhusu Bi Najiat, baada ya kuhama kwao alifunga mlango. Aliyebisha hodi hakujibiwa. Mtaa ukaanza kusema binti yetu amemuua mama wa watu kwa kumnyang'anya mwana. Maneno yalinifika mpaka kwenye mashine yangu. Nikaona si vizuri kukaa nikiyasikia. Nikaenda, nikabisha, nikakaa kibarazani, nikabisha tena, mpaka akafungua.

Nilimkuta yuko mzima, amesuka nywele, nyumba imefagiwa. Jikoni kulikuwa na sufuria la pilau la kulisha watu wa hitima. Nilimuuliza anamngoja nani. Akasema hamngoji mtu.

"Sijui kipimo cha mtu mmoja, Zamda," akaniambia. "Nikipunguza mchele, mkono unaongeza wenyewe."

Tukakaa tukala. Nilimuuliza ni nani aliwahi kumpikia yeye tangu awe mtu mzima. Alifikiri sana. Akasema mama yake, alipojifungua Sabiri, na baada ya hapo hakumbuki. Aliyasema kama habari za mtu mwingine, akaniongezea nyama.

Siku nyingine nilimpelekea wali wa maharage niliopika mimi. Unakijua chakula changu, ulikikimbia tangu utoto. Alionja, akanitazama, akasema, "Chumvi imezidi." Kisha akaumaliza wote, akalamba na kijiko. Sasa nampelekea mara kwa mara, na yeye ananisema mara kwa mara, na naona rangi imemrudi. Jana alinituma nimuulize meneja wa ile hoteli kama wanahitaji mtu wa kupika pilau Ijumaa, watu waonje na ya huku. Mimi sikutarajia hilo. Nimelipeleka ombi kwa Mzee Mfaume, jibu bado.

Yeye na Shamila hawajakaa pamoja. Wanasalimiana kupitia kwa Sabiri, ambaye huenda kwa mama yake kila akirudi kutoka Usoke na huondoka kabla ya kuandaliwa chakula cha usiku. Najua linamuuma. Sikuambii kwamba mambo yamekwisha. Inawezekana mwakani nikakuandikia habari nyingine kabisa. Nakuambia yalipofika.

Kwa hiyo agizo lako nililifikisha, na halikukubaliwa na mwenyewe linayemhusu. Nakuomba mambo mawili. Mjulishe yule bwana wa huko, kwa heshima, kwamba binti uliyemtajia ana mume. Asikae akingoja, ni dhambi kumfanyia mtu hivyo. La pili, mpigie Shamila. Usimuulize kitu na usimwambie la kufanya. Msalimie tu, umuulize wamekula nini, halafu usikilize jibu mpaka mwisho. Anaogopa kukupigia yeye. Namba yake ni ile ile.

Mzee Mfaume anakusalimu, anasema ukija atakutengenezea kiti cha kupumzishia goti. Yasmini utamwona kwa macho yako. Bi Najiat hakunituma salamu, lakini aliponiona naandika aliuliza kama huko Maskati mnapata mchele mzuri, nami nazihesabu kuwa ndizo salamu zake. Wasalimu mkeo na wanao, mdogo wao umbusu shavuni kwa niaba yangu. Wakumbushe kwamba wana shangazi na wana mji.

Mungu akulinde ugenini, akupe riziki isiyo na masimango, na siku atakayokurudisha atukute sote tukiwa hai.

Nilipofika hapa nilimwita Shamila, yuko hapa anapiga pasi sare, nikamwambia nina nafasi ya mistari michache, aseme lolote analotaka kukuambia. Hakuacha kazi. Akasema, "Mwambie baba sikurudishwa kwa mume. Tumehama."

Nikamuuliza kama ni hayo tu.

"Hayo tu, shangazi. Lakini hilo la mwisho liandike vizuri, lisomeke."

Tumehama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipozaliwa,

Zamda